Vitabu vya Baba Havitoki

Nyumbani Mwika,
Moshi.
22 Novemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Elisaria,

Habari za huko Kanada? Wifi Goodness na watoto hawajambo? Mimi mzima, ni mgongo tu unanikumbusha umri kila nikikata majani ya ng'ombe. Mvua za vuli zilichelewa, ila sasa zinanyesha vizuri na migomba imeamka. Ukijibu, jibu kwa barua. Kwenye simu huwa unasema "poa" hata ukiwa kitandani unaumwa.

Kile kitabu cha umeme ulichonitumia, rafiki yako Godbless alikileta alipokuja likizo. Asante sana, usije ukaniona sina shukrani. Lakini mdogo wangu, kitu kile sikiamini.

Kila nikikiwasha kinaandika kwamba ni cha Elisaria. Kama umenipa mimi, mbona kinakutaja wewe? Halafu nikiishia ukurasa fulani, kesho kinafungua pale pale. Nani kakiambia? Siku hizi nikibadilisha nguo nakigeuzia ukutani na kukifunika kitambaa cha meza. Cheka tu. Unasema ndani mna vitabu elfu moja, na uzito wake kama kipande cha sabuni! Nimetafuta cha Kiswahili hata kimoja, hamna. Juzi umeme ulikatika juma zima, nacho kikazima, elfu moja vyote vikalala.

Ila ninayemtilia shaka zaidi ni wewe.

Umeandika kwamba sasa vitabu vya Baba havina kazi, nivitoe vyote kabla ya Krismasi, fundi aje avunje rafu, chumba kiwe cha wageni. Wageni gani hao? Wewe mwenyewe hujakanyaga hapa tangu uondoke mwaka 2000. Hata kumzika Baba hukuja. Nikajiuliza, huyu anachukia vumbi au anamchukia Baba? Ndivyo nilivyowaza, sitakuficha.

Hata hivyo nilikubali, kwa kuwa nyumba umeikarabati wewe. Nikampata mama mmoja wa Majengo anayeuza karanga, akasema atavichukua vyote apate karatasi za kufungia. Roho iliniuma, lakini Jumanne nikaanza kuvishusha. Nilivikung'uta kimoja kimoja, maana unamjua Baba, humo alikuwa anaweka kila kitu: stakabadhi za chama cha ushirika, picha, hata vyeti vyetu vya ubatizo.

Kwenye kile kitabu chake cha kilimo cha kahawa, chenye jalada la kijani, nikakuta jani la isale. Limekauka, rangi ya chai, na bado lina fundo lake.

Unalijua jani hilo. Ulipong'oa mibuni ya babu ili upande nyanya, bila kumwuliza Baba, mlikosana hadi mkaacha kula pamoja. Ukahamia Dar. Ulipopata safari ya Kanada, ukamtuma shangazi Eunike achume isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, alifunge, ampelekee Baba, akuombee msamaha. Isale halikataliwi, hata mtoto anajua. Lakini shangazi alirudi akasema alimkuta Baba anasoma, akalipokea, hakutamka neno, akaendelea na kitabu chake. Sote tukasema, basi, amekataa. Wewe ukapanda ndege bila kuaga, na mwaka uliofuata tukamzika.

Sasa sikiliza. Pembeni mwa ukurasa ule, pale jani lilipokuwa, ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: "Isale la Elisaria. Nimemsamehe. Namngoja aje."

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Alikuwa anakungoja, Elisaria! Si unajua desturi? Jani likishapokelewa, mwenye kosa anakuja mwenyewe na mbege, wanakunywa, yanaisha. Baba amekaa hapa anasubiri uingie mlangoni. Wewe umekaa Dar unasubiri neno. Jamani, vichwa vigumu! Na mimi niliyekuwa humu humu ndani sikumwuliza hata siku moja. Hilo linaniuma kuliko yote.

Yule mama wa karanga ameondoka mikono mitupu. Vitabu havitoki. Na huyo fundi wako akija na nyundo yake nitamfungulia mbwa.

Kitabu cha umeme sikirudishi, kuna hadithi ya mjane mmoja nimefika katikati na nataka kujua kama alimpata mwizi. Lakini niambie, humo Baba angeandika wapi kwa penseli yake? Na jani angeliweka wapi?

Najua utataka nikupigie picha ukurasa huo nikutumie. Sitaki. Picha utaitazama, utafuta machozi, kisha utarudi kazini. Na posta siiamini, kitabu hiki hakitoki mikononi mwangu. Baba hakuandika apelekewe. Aliandika aje.

Wanangu Eliona na Victoria wanasema shikamoo, mjomba. Shangazi Eunike nilimsomea maneno yale, na tangu siku hiyo anashinda ameshika tama. Usimlaumu, alisema alichokiona. Hajakutumia salamu. Anasema atakupa mwenyewe mkononi, na ana miaka themanini na mitatu.

Mungu akulinde kwenye barafu hiyo, na akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa bado nakutilia shaka,

Yuditha