Kaza Kitovu

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea.

Tangu uondoke, ngoma yako imehamia kwangu Ipagala. Inakaa sebuleni kando ya televisheni, na kila mgeni anataka kuigonga. Mama mdogo ndiye aliyeileta. Akasema wanawake wenzako wa ngoma ya muheme wamekubaliana: nikiweza kuibana mapajani na kuipiga mpaka wimbo uishe, siku ya sherehe ya mavuno nitasimama mahali pako. Nikishindwa, apewe mwingine, maana ngoma haikai bure. Mama, sitaki iende!

Nilijaribu papo hapo. Nikaibana kwa magoti kwa nguvu zote, kabla wimbo haujakolea mgongo ukagoma, ngoma ikaniangukia kidole cha mguu. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini: "Kiti cha ofisi kimekula kiuno chako, mwanangu."

Basi nikaenda Makole kwa dada mmoja anayefundisha mazoezi. Nilidhani atanipa vyuma. Akatandika mkeka tu. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga: hilo ni daraja. Halafu chali tena, mikono na miguu juu, unashusha mkono huu na mguu wa upande wa pili, mende aliyepinduka kabisa. Mwisho ubao: viwiko chini, vidole vya miguu chini, mwili wote umenyooka. Nikatetemeka kama mashine ya kusaga, pumzi nimeibana. Akanigusa begani: "Pumua, dada. Kaza kitovu, siyo shingo."

Nikalala pale pale kwenye mkeka, nikalia. Yule dada alidhani nimeumia.

Ni maneno yako, Mama. Nikianguka njiani, kaza kitovu. Tulipomzika baba, kaza kitovu. Miaka yote nilidhani unaniambia nivumilie. Kumbe ukipiga ngoma nawe ulikuwa ukikikaza hicho hicho? Ulikuwa unasema tumbo au moyo? Na nani alikufundisha? Nilimwuliza mama mdogo, akajibu, "Mwulize mwenyewe." Ndiyo maana nakuandikia.

Kila asubuhi kabla ya chai natandika mkeka. Daraja sasa nalimudu, mende bado ananichanganya mikono na miguu. Na kuna kitu kinanishangaza: nikikaza kitovu, magoti hayana haja ya kung'ang'ania, ngoma inakaa yenyewe. Uliwahi kuliona hilo, au kwako lilikuwa jambo la kawaida tu?

Jumapili iliyopita niliibana mpaka wimbo ukaisha. Mama mdogo hakucheka. Alifuta ngozi ya ngoma kwa khanga yake, akaiacha palepale sebuleni.

Sherehe ni Jumamosi. Pumzika, Mama. Nakuahidi haitaanguka. Wimbo ukifika pale ulipozoea kufumba macho, huenda nikalia, lakini nitalia huku napiga.

Mwanao,
Nyemo