Mlio Katika Sikio la Mama

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumanne, tarehe 9

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Daktari wa masikio ametuambia leo asubuhi kwamba uvimbe wa mama, kwa jinsi picha zilivyoonyesha, si saratani. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ungeruka mistari kulitafuta. Sasa nikuulize: hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, na mama anakula kunishinda.

Unakumbuka alivyolalamika kwamba cherehani yake inagonga? Fundi aliifungua mara mbili, akaitia mafuta, akaapa haina kosa. Mama akamwita mvivu. Kumbe kugonga huko kulikuwa sikioni mwake, upande wa kulia, sambamba na mapigo ya moyo. Tuligundua siku moja cherehani imefunikwa kabisa, naye anasema, "Isikieni hiyo!"

Zahanati ya kwanza walitaka kunyofoa kipande wakakipime. Daktari huyu ameshukuru hawakufanya hivyo. Uvimbe wenyewe ni mishipa ya damu mitupu, uko nyuma ya ngoma ya sikio ndani ya mfupa, na ukichokozwa unamwaga damu. Ni ugonjwa wa nadra. Aliweka kipimo cha moyo nyuma ya sikio la mama, naye akausikia mlio.

Kwanza watapitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kwenye mishipa inayoulisha uvimbe, waizibe. Kesho yake watampasua wautoe. Hatari ni neva inayoendesha uso, maana inapita jirani kabisa. Ikiumia, uso utapooza upande mmoja. Sikio nalo linaweza kuziba. Sikufichi.

Mama alisikiliza yote, akasema, "Daktari mwanangu, uso huu ndio nilioolewa nao. Naomba nirudi nao."

"Mama, nitautunza kama wangu."

"Wako una ndevu. Tunza wangu."

Tulicheka, lakini saini hajatia. Anataka kwanza azungumze nawe, kauli yake ikiwa bado imenyooka. Mtandao wa kambini kwenu naujua, ndiyo maana nimempa mwenzako wa kazini anayerudi huko barua hii. Shuka mjini umpigie simu. Usimbembeleze, wala usilie. Muulize anaogopa nini, kisha umwache aseme.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba Redio pia, bado hazimiki. Mungu akushike mkono huko kazini.

Jumapili tarehe 14, saa kumi jioni, mama atakuwa ameshika simu, sikio la kushoto. Mrija ni Jumatano tarehe 17, upasuaji Alhamisi.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Dada yako mkubwa