Wenzangu Waliponyamaza, Nikaendelea Kuimba

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Mvua ya mawe imeipiga Nyamira tangu saa nane na migomba yangu mitatu imelala chini. Sina moyo wa kwenda kuitazama. Leo nimekasirika, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Kesho tunamzika Mokua, huko kwao Kebirigo. Mokua alikuwa mpiga obokano, kile kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane, cha ngozi ya ng'ombe na sauti nzito. Zamani, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa mwimbaji katika bendi yake.

Asubuhi nimetumiwa kijitabu cha mazishi kwa simu. Nimekisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za darasa la saba, natafuta makosa. Herufi kubwa zimesahaulika, nukta zimepotea, na mjomba mmoja ameandikwa mara mbili. Nilikuwa najichekea peke yangu hadi nikafika ukurasa wa nne.

Imeandikwa hivi: "Wazungu walipomwangusha Mokua, bendi nzima iliweka vyombo chini, na Mwalimu Kemunto akaimba peke yake mbele yao bila woga, mpaka wakaona haya." Kemunto ni mimi. Chini ya maneno hayo, kwenye ratiba, wameniwekea nafasi ya tatu. Nizungumze, kisha niimbe wimbo ule ule.

Kuimba niliimba. Hayo mengine si kweli.

Wasomaji wa blogu hii ni wachache, na wengi wenu niliwafundisha. Niliwachapa kwa kusema uongo. Basi someni.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli. Kwake gitaa lilikuwa la shetani, na obokano ilikuwa ya baba yake shetani. Mimi nilikuwa namwambia naenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nakwenda nyuma ya duka la Makori, aliyekuwa mpiga gitaa wetu na ndiye aliyejua Kiingereza. Araka alikuwa kwenye ngoma. Tulizunguka tukipiga kwenye harusi na masoko, Ogembo, Nyakoe, Kebirigo, tukisafiri juu ya malori ya ndizi, na tulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tena popote.

Bendi yetu ilikuwa na desturi moja. Wimbo ulianzwa na obokano na ulimalizwa na obokano. Mokua akianza, Makori anafuata, kisha Araka, na mimi naingia mwisho. Mokua akinyamaza, tumekwisha, hata kama nilikuwa katikati ya neno. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Siku moja kwenye harusi kule Nyakoe uzi wake ulikatika, tukanyamaza sote papo hapo, na bibi harusi akabaki na mguu mmoja hewani. Watu walicheka wiki nzima.

Mwaka uliofuata Uhuru, meneja mmoja Mzungu wa shamba la majani chai alitusikia sokoni Kebirigo, akatuita tukapige kwenye klabu yao, mpakani na Kericho. Bendera ilikuwa imeshabadilika. Klabu ilikuwa bado. Hatukulijua hilo, au tulilijua tukajifanya hatujui. Makori alitushonea mashati meupe, na mimi gauni la rangi ya samawati.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tulielekezwa mlango wa jikoni. Tukapewa chai kwenye mikebe ya maziwa, na vikombe vinaning'inia pale pale mbele ya macho yetu. Wapishi walikuwa watu wetu, na hawakutaka kututazama usoni. Makori alisema tunywe tu, tupige, twende zetu. Mokua aliimwaga yake kwenye karo polepole, akausuuza mkebe, akaufudikiza ili ukauke. 

Mimi niliinywa yangu yote. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Kabla hatujaanza, mke wa meneja aliniita kando. Alikuwa amenisikia nikijaribu sauti. Aliniuliza kwa Kiswahili kizuri nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nataka ualimu na chuo kimenikataa mara mbili. Akasema mkuu wa chuo ni rafiki yake, ataniandikia barua. "Ukiimba vizuri," akasema, akacheka, akanigusa shavu.

Naomba mnielewe hapa, ingawa sistahili. Nyumbani kulikuwa na mtu aliyeshaleta habari za posa, mwanamume wa umri wa baba. Barua ile ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya kutoka.

Tukaingia ukumbini. Makori na Araka walisimama, mimi nikasimama, Mokua akaketi kwenye kigoda chake. Obokano ni nzito, huwekwa chini mbele ya mpigaji, na hupigwa mtu akiwa ameketi. Kwetu hata mtoto anajua. Wale wageni hawakujua, au hawakujali. Walichokiona ni mtu mweusi aliyekaa huku wake zao wamesimama na glasi zao.

Wimbo wa kwanza ulipoisha meneja akaja.

"Wewe simama. Hapana kaa mbele ya memsaab."

"Hii haipigwi ukisimama, bwana," Mokua akamjibu.

Makori alijaribu kumweleza kwa Kiingereza, kwa adabu, akimwonyesha nyuzi na ngozi. Meneja alimsikiliza, akawageukia wageni wake, akasema kitu, wakacheka. Kisha akasema apige amesimama au aende akapige jikoni. Mokua aliinama, akaanza wimbo wa pili. Wa kumsindikiza bibi harusi. Ulikuwa ndio wimbo wangu, kila mtu alijua.

Nilikuwa kwenye ubeti wa kwanza meneja alipokipiga kigoda teke.

Mokua alianguka ubavu na obokano ikaangukia mkono wake. Nilisikia mti ukipasuka. Labda haukuwa mti.

Makori alivua ukanda wa gitaa shingoni, akaliweka gitaa sakafuni. Araka alilaza vijiti juu ya ngoma, akaenda kumwinua mwenzake. Kisha Makori akamwambia meneja kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kwamba mtu aliyemwangusha ndiye kiongozi wa bendi hii, na kwamba hakuna atakayepiga tena hapa mpaka amwombe radhi kwa kinywa chake. Makori huyu mwenye duka dogo, ambaye alikuwa akiwaogopa hata makarani wa chifu.  

Obokano ilikuwa imenyamaza. Desturi yetu niliijua kuliko jina langu.

Mke wa meneja alinitazama, akainua kidole, akakizungusha. Endelea.

Nikaendelea.

Niliimba ubeti wa pili na wa tatu, peke yangu, bila chombo hata kimoja, nikimtazama yule mama na si Mokua. Niliimba vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sauti haikukwama hata mara moja. Makori aliita jina langu katikati ya ubeti wa tatu. Nilimsikia, nikapandisha sauti.

Wakapiga makofi.

Polisi waliitwa. Mokua akalala rumande siku tatu kwa kosa la kuleta fujo, bila daktari, na kifundo cha mkono kikajiunga vibaya. Tangu hapo hakuweza tena kupiga obokano. Makori na Araka waliambiwa wasionekane tena karibu na mashamba yale, na wenye kumbi nyingine wakaogopa kutuita. Hivyo ndivyo bendi ilivyokufa.

Mimi nilirudishwa nyumbani kwa gari la yule mama. Njiani tuliwapita Makori na Araka. Walikuwa wanatembea kwa miguu, wamebeba obokano iliyopasuka kati yao kama wanavyobeba mgonjwa kumpeleka zahanati. Niliinama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Barua ilifika. Nikasoma, nikafundisha miaka thelathini na minne, nikajenga nyumba hii ninayoandikia.

Uongo wenyewe sikuuanzisha mimi. Uliletwa na wapishi. Wao walikuwa nyuma ya ukuta, hawakuona kitu. Walisikia kishindo, wakasikia vyombo vimenyamaza, kisha wakasikia sauti ya msichana mmoja inapaa peke yake. Wakaelewa walivyotaka kuelewa, na siwalaumu, maana walikuwa na njaa ya habari kama ile. Wakaisambaza vijijini.

Nilipohamishiwa shule ya Ogembo miaka ya sabini, ilikuwa imefika kabla yangu. Mzazi mmoja aliniletea mkungu wa ndizi, akanishika mikono kwa mikono yake miwili. Nilifungua mdomo nimweleze. Nikaufunga, nikasema asante. Mzazi wa pili aliponisifu, sikufungua hata mdomo. Na mwaka mmoja, mbele ya shule nzima, niliisimulia mwenyewe kwa kinywa changu, nikainua na ngumi juu. Watoto walishangilia. Kama ulikuwepo siku ile, nisamehe.

Mokua nilikutana naye mara moja tu. Ilikuwa miaka hiyo hiyo, soko la Nyakoe. Alikuwa ameketi anashona ngozi ya obokano ya mtu mwingine, mkono wa kushoto umepinda, anaushikilia uzi kwa meno. Mteja wake akanitambua, akamuuliza kwa furaha, "Si huyu ndiye aliyeimba siku ile?"

Mokua aliniangalia. 

"Ee," akasema. "Aliimba."

Akarudi kwenye ngozi yake. Pale sokoni angenimaliza kwa neno moja tu, na alikuwa na kila haki. Alinisimamia mimi kama Makori alivyomsimamia yeye, na mimi sikuwa nimemsimamia mtu. Nikanunua mboga ambazo sikuzihitaji, nikaondoka. Sikurudi kumtafuta. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa moja kwa mguu, na miaka yote hiyo magoti yangu yalikuwa mazima.

Nimekuwa msiri wa mambo mengi ya watu wa hapa. Hili la kwangu nililiogopa.

Leo saa tisa, mvua ikiwa inapiga mabati, nimempigia Bosibori, mjane wake. Nilitaka kumwambia kabla ya kesho, maana siwezi kusimama kando ya jeneza la mtu nikaimba wimbo nilioimba akiwa sakafuni. Tumezungumza Kikisii. Nimemweleza yote, pamoja na kidole cha yule mama na viatu visivyo na kamba. Hakunikatiza hata mara moja. 

"Mwalimu," akasema, "haya mimi nayajua. Aliniambia kabla hajanioa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia watu.

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema, huyo dada atakuja mwenyewe aseme. Tumwachie." Akavuta pumzi. "Basi tulikungoja. Kila mara akisikia mtu anabisha, mwanzoni, alikuwa ananiuliza kama ni wewe. Baadaye akaacha kuuliza."

Nililia. Yeye hakulia. Nadhani alikwisha kulia ya kwake wiki hii, hakuwa na ya kunigawia. Nikamwambia Bosibori nisamehe, akanijibu kwa upole tu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Aliyekuwa na msamaha ni yeye, Mwalimu. Mimi sikuachiwa. Kesho uje. Saa nne uwe umefika, na useme ulivyoniambia. Lakini usiimbe."

Nimemwambia sitaimba.

Tangu hapo niko hapa mezani jikoni. Ile hotuba yangu ya kurasa mbili nimeichana. Nimeandika sentensi tatu za Kikisii, fupi, ili hata bibi aliyekaa nyuma kabisa asiwe na la kumuuliza jirani yake. Mokua aliangushwa kwa sababu hakukubali kudharauliwa. Makori na Araka walinyamaza pamoja naye. Mimi niliendelea kuimba kwa sababu nilitaka barua.

Nimezisoma kwa sauti mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ya tatu. Kesho lazima niifikishe mwisho.