Uso wa Baba Kwenye Bunduki

Egidio, upo? Nimeharibu, na chuma hakifutiki.

Leo nimechukua bunduki ya baba, ile ya mitutu miwili, kutoka kwa Loretta, mchongaji wa bunduki hapa Gardone. Miezi mitano ya kazi! Ubavu mmoja amechonga mbwa na ndege anayeruka. Ubavu wa pili uso wa baba, kutoka ile picha niliyoikuta ndani ya sanduku la bunduki.

Nikampelekea dada Ernesta, nikijivuna. Akavaa miwani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Battista, huyu si baba! Huyu ni Faustino, aliyekuwa akimwazima baba mbwa wa kuwindia!"

Si baba, Egidio. Picha hiyo nimeisalimia kila asubuhi miaka sitini. Baba alikufa mimi nanyonya, ningejuaje?

"Hukuniuliza hata siku moja, msomi wangu," akasema.

Nimempigia Loretta. Anasema akiukwangua uso huo, chuma kitakuwa chembamba mno, bunduki itakuwa hatari.

Nikamuuliza dada, basi baba alifananaje? Yeye alikuwa na miaka sita baba alipokufa. Akavua miwani.

"Alikuwa na mikono mikubwa," akasema. "Uso umenitoka akilini."

Umemtoka, Egidio. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Sasa nimekaa na bunduki mapajani. Faustino ananitazama, na amechongwa vizuri kwelikweli.