Kwa Furaha, Aliyemfundisha Mzee Kusema Hapana

Furaha mwanangu,

Nimekukasirikia, na sitaanza kwa kukudanganya kwamba nakuandikia kwa upendo peke yake. Ningeweza ningekutoa huko uliko, nikakugombeza, nikakupikia sombe na mihogo, halafu nikafunga mlango usirudi tena.

Unajua kalamu mimi siijui. Anayeandika ni Mama Keza, yule fundi nguo Mrundi tunayepanga naye flati hapa Berea, yule aliyekuwa akikuona tu anakuuliza utaolewa lini. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno. Ameguna, lakini ameandika hata hilo.

Tangu ile taksi ivuke roboti, taa nyekundu ya barabarani, ikakugonga ikakuchukua, chumba chako pale hospitali wamejaza viti vya magurudumu vilivyovunjika. Wanasema nafasi yako ipo ila pesa ya kumlipa mtu haipo. Gita lako mama yako alilibeba mgongoni siku ya matanga, kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Mzee wangu naye, siku zile za kuja kwako zikifika, bado anageuza shingo kutazama mlango. Nilimwambia umekufa. Nilimwambia kwa sauti kubwa, karibu na sikio. Akasema, "Ndiyo." Lakini wewe unajua ndiyo yake ilivyo, ndiyo maana nakuandikia wewe na si mtu mwingine.

Kiharusi kilipompiga mwaka ule wa 2016 kilimchukua upande wa kulia, kikamchukua na maneno yote, kikamwachia hilo moja. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Nilimwuliza kama nimezeeka, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama bado mimi ni mrembo, akasema ndiyo. Nikachukua la pili, la kwanza nikalitupa. Lakini haukuwa mchezo. Huyu ni mtu aliyeshona suti Marshalltown miaka na miaka, akabishana na mteja mpaka mteja anaomba msamaha kwa suti yake mwenyewe. Sasa watu wanamweka juani, wanamwuliza, "Papa, uko sawa hapo?" na yeye anajibu ndiyo, jasho linamwingia machoni.

Ulipotokea mara ya kwanza na gita pale hospitali nilidhani unatoka kanisa fulani. Nikakwambia hatuna sadaka. Ukasema, kwa Kiswahili chako kile kilichovunjika cha mtoto aliyetoka Uvira akiwa mgongoni, "Koko, bibi yangu, mimi natoka hapa hospitali, mimi ni mtu wa tiba ya muziki." Nikakuuliza kama serikali inakulipa kwa kuimba. Ukasema inakulipa kidogo. Nikakuuliza tena, nani anajua kama unafanya vizuri au unatuchezea tu?

Hukukasirika. Ukanionyesha kadi yako, nikaishika kichwa chini miguu juu, nawe ukajifanya hukuona. "Jina langu limeandikwa kwenye baraza la watu wa afya, Koko, pamoja na wale wa kunyoosha viungo na wale wa dawa. Nikimdhuru Mzee unaenda kunishtaki, wananifuta, kazi hii siifanyi tena." Hilo nililipenda. Nikavuta kiti nikakaa mbele yako, nikakwambia basi fanya, mimi nakutafutia kosa. Ukacheka kile kicheko chako cha mabega.

Halafu ikaja ile Jumapili. Kwaya ilianza wimbo wa zamani, wa tangu tukiwa watoto, na Mzee akafungua mdomo akaimba. Maneno yote, beti zote, sauti nzito ileile ya ujana. Kanisa likasimama. Pasta akashika kipaza sauti akasema Papa amepona, wakamzunguka wakicheza, na mimi nililia mpaka kitenge kikalowa. Nikakujia na habari kwamba hatuji tena, mtu wetu amepona, asante kwa kazi.

Ukasema tu, "Mwulize anataka chai au maji."

Nikamwuliza. Akasema, "Ndiyo."

Nilitaka kukupiga. Ukanishika mkono ukaniambia, "Koko, anaimba, lakini bado hasemi. Wimbo ule umekaa ndani tangu utoto, unatoka wenyewe. Sasa tupitishe maneno yake njia hiyohiyo." Pasta hakuwahi kurudi kumwuliza Mzee habari ya chai. Na Pasta hakuna anayeweza kumfuta.

Nilitaka uanze na jina langu. Eish, mke ana haki. Ukakataa. Ukasema mpaka aweze kukataa hatutajua lini anakubali. Ukaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukawa unaugongesha mezani polepole: neno hapana, 'ha' chini, 'pa' sauti na mkono juu, 'na' chini tena. Unaimba peke yako, kisha mnaimba wote, kisha unanyamaza katikati unamwacha amalizie. Wiki zikaenda. Mimi nakaa pale najiuliza kama mtu amesomea chuo kikuu kwa ajili ya hili. Na siku alipolitoa peke yake alilitolea uji wangu. Nilimpelekea kijiko, akagonga meza kwa vidole, akaimba: ha-pa-na. Nilifurahi nikamwaga bakuli. Halafu nikakasirika, maana uji ulikuwa mzuri.

Ukasema tutaondoa wimbo kidogo kidogo mpaka neno lisimame kavu. Baada ya hilo neno maji, baada ya maji neno uchungu, na mbele kabisa neno 'kwa sababu'. Ulikuwa umepanga yote. Halafu ukafa, Furaha. Umetuacha kwenye hapana.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ugonjwa wake wa sukari umeingia mguuni. Ule wa kulia, uliokufa ganzi. Kidonda kilianza kisiginoni na Mzee hakuhisi kitu, mimi ndiye niliyesikia harufu. Walimlaza. Daktari ni binti mpole, ananiita Gogo, bibi kwa Kizulu, ana macho ya mtu asiyelala. Aliniambia unyayo umeoza, na wasipokata chini ya goti sumu itapanda, itamwua. Wakikata, ana nafasi nzuri ya kuishi. Akasema, "Gogo, lazima akubali mwenyewe. Mwulize kwa lugha yenu."

Nikamwuliza. Nilimwinamia nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mume wangu, wanataka kukata mguu ili uishi. Unakubali?"

Mdomo ukasema, "Ndiyo."

Na mkono wake wa kushoto, palepale juu ya shuka, ukagonga. Chini, juu, chini. Bila sauti.

Daktari alikuwa anatazama mdomo. Aliyeuona mkono ni mimi tu. Nikaweka kiganja changu juu ya vidole vyake, vikagonga tena chini ya kiganja, nikakandamiza. Daktari alidhani namliwaza mume wangu. Akanigusa bega akasema kesho asubuhi watamkata, akageuka kwenda zake.

Furaha, mimi nataka aishi. Niandikie hilo kwa herufi kubwa, Mama Keza, kama kalamu inaweza. Nimetembea na mtu huyu kutoka Uvira mpaka hapa. Nimezika naye watoto njiani. Simtaki na miguu miwili kaburini, namtaka na mmoja hapa kitandani, akikataa uji. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Si kusema uongo, kimya tu. Neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake na daktari alikuwa amefika mlangoni.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Daktari, rudi. Mdomo wake unadanganya."

Alirudi. Nilimweleza, kwa Kizulu changu cha sokoni, habari yako, habari ya meza, habari ya ndiyo isiyo ndiyo. Hakunicheka. Lakini aliniambia ukweli: "Gogo, siwezi kuandika kwamba mgonjwa amekataa kwa sababu mke wake ameona vidole. Nahitaji mtu ambaye kazi yake ni hii, aliyesajiliwa." Akapiga simu huku na huku mpaka akampata Thandeka, uliyesoma naye kazi hii, anayefanya kazi hospitali ya upande ule mwingine. Walisogeza siku ya kukata ili wamsubiri.

Alikuja. Machozi yalimtoka aliposikia jina lako, lakini alifanya kazi. Alikuta kwenye faili umeandika kila sauti, iko wapi chini na wapi juu, na mkono gani. Kiswahili hajui hata neno, kwa hiyo wakamwita Papa Ilunga, yule mlinzi wa lango, mtu wa Kalemie, awe anauliza kwa Kiswahili. Halafu akanitoa nje.

Mimi. Mke. Nilimwuliza kama anajua nimelala na nani miaka yote hii. Akasema kwa upole kwamba Mzee akiuona uso wangu atajibu uso wangu. Nikatoka nimenuna, nikasimama nyuma ya mlango, sikio kwenye mbao. Nadhani wewe pia ungenitoa.

Walianza na upuuzi. Papa Ilunga akamwuliza kama yeye ni mwanamke. Nikasikia ha-pa-na. Akamwuliza kama yeye ni fundi. Ndiyo. Kama tuko Uvira. Ha-pa-na. Walirudia, wakageuza, wakapumzika. Kisha Papa Ilunga akauliza, "Papa, mguu ukatwe?"

Ha-pa-na.

Wakageuza. "Papa, mguu ubaki?"

Ndiyo.

"Unajua ukibaki unaweza kufa?"

Ndiyo.

"Hujui?"

Ha-pa-na.

Kesho yake Thandeka alirudi, akauliza upya kwa mpango mwingine, na ikawa vilevile. Akaandika, akatia jina lake na namba yake, na daktari akaamini, maana mtu yule akiandika uongo anapoteza kazi. Mguu haukukatwa. Wanausafisha, wanamchoma dawa. Daktari amesema atamwuliza tena kila atakapoona hali imebadilika, na Mzee ana ruhusa ya kubadili mawazo mpaka pumzi ya mwisho.

Basi ndiyo hasira yangu hiyo. Ulimpa mtu mdomo, na neno kubwa la kwanza alilolisema nao ni kunikatalia mimi. Uji nilikusamehe.

Pasta alikuja kutuona. Akaniambia, "Mama, ungenyamaza tu, madaktari wangefanya kazi yao." Nikamwambia nimewahi kunyamaza mara moja maishani, siku ya harusi, na matokeo ni haya. Alicheka. Mimi sikucheka. Anafikiri nilimchagulia Mzee kifo, na kuna siku nafikiri hivyohivyo, nikiwa nafunua bandeji na harufu inanijia kabla ya kitambaa kutoka. Halafu namtazama mwenyewe. Hana hofu. Amelala kama mtu aliyemaliza kubishana na mteja akashinda.

Lakini hajasema kwa nini. Hilo ndilo linanila. Najaribu kukisia: labda amechoka, labda anaona aibu kubebwa, labda hataki mwili wake uzikwe vipande nchi isiyo yake. Mama Keza anasema ni kiburi cha mafundi. Nikianza kumwuliza, "Ni hiki? Ni kile?" najisikia namtilia maneno yangu mdomoni, nami nimeshaona tabu ya mtu mwenye neno lisilo lake. Kwa hiyo nanyamaza. Unanisikia? Mimi.

Thandeka amekubali kuja siku moja kila wiki. Hana gita, ana kinanda kidogo cha kubeba, na anajifunza Kiswahili kwa Papa Ilunga, kwa hiyo kitatoka cha langoni. Nilimkagua kadi yake kabla hajakaa. Sijui kusoma, lakini nilitaka ajue kuna mtu anaangalia. Wameanza na uchungu, kwa sababu Mzee akiumwa lazima tujue wapi. Baadaye maji. Anasema lile neno 'kwa sababu' liko mbali sana, na huenda mguu hautatupa muda huo.

Ninakuahidi haya, na Mama Keza ni shahidi. Kila atakapoulizwa kuhusu mwili wake, nitaita anayejua kuuliza, na nikitolewa nje nitatoka bila matusi. Nitajaribu. Nitamleta Mzee chumba chochote watakachotupa, hata kile cha viti vilivyovunjika, nikae nisubiri, mpaka afike kwenye lile neno ulilotuachia njiani. Na siku akiniambia kwa nini, nitamsikiliza mpaka amalize. Ndipo nitamgombeza.

Pumzika, mtoto wangu. Huko uliko usiolewe na mtu wa hovyo.

Mimi Koko wako.