Mkono wa Kulia wa Silvano Mkwinda

Mwaka umetimia leo, Baba Gaudensia, tangu ulipotutoka, na mimi mkeo Leokadia bado nina maswali. Unanijua. Muuza maziwa nimemzoea miaka kumi, na bado nayaonja kabla sijayapokea.

Ulikuwa mpole, Kikwajuni nzima ukicheka nayo. Miaka yote ulibeba mizigo bandarini Malindi, mpaka kiharusi kilipoulaza mkono wako wa kulia. Hata kifungo hukuweza kukifunga. Binti yetu Gaudensia alikulisha, nawe ukamshukuru kwa kila kijiko.

Kisha ukaanza kwenda kanisani kila Alhamisi, kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Wewe, ambaye nyumbani hukupata kushika pasi! Kwanza nilishuku kuna mwanamke. Nikakufuata, nikachungulia dirishani, nikakukuta na vibibi vitatu, unakamua kitambaa, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa. Halafu nikashuku wamekudanganya uache vidonge vya presha. Nikavihesabu. Hukuruka hata kimoja, na hilo nalo likanitia shaka.

Baada ya miezi minane jirani yetu Bi Mwanakheri akanijia mbio.

"Leokadia! Mumeo kanikamulia blanketi, kwa mikono miwili! Mie nshaona kwa macho yangu, wewe wangoja nini?"

"Ni mazoezi tu hayo," nikasema.

"Ni Mungu," ukasema wewe uliyemfuata nyuma, huku unatabasamu. "Nnakuomba, mke wangu, Jumapili ya shukrani usimame na mie, useme ulichokiona."

Nilikuwa nimeshavaa siku ile. Gauni langu la vifungo vya mgongoni ulinifunga wewe, kimoja kimoja, kwa mkono ule ule. Ulipotangulia, nikalivua. Niliogopa kushuhudia jambo nisilo na hakika nalo, watu wakaja kunicheka.

Gaudensia alinisimulia kwamba ulisimama peke yako, ukaunyanyua mkono, na macho yako yalikuwa mlangoni. Hukuniuliza kitu uliporudi. Wiki mbili baadaye homa ya mapafu ikakuchukua. Linaniuma hilo, mume wangu, linaniuma sana.

Jumapili hii kuna ibada ya kukuombea, nami nitasimama. Kama alikuponya Mungu au ni kule kukamua, bado sijui, na usitarajie niseme nisilolijua. Nitasema kwamba mkono ulikuwa umekufa, kisha ukanifunga vifungo sita, na mimi sikukwambia ahsante.

Gauni ni lile lile. Safari hii atanifunga Gaudensia.

Tunaokulilia na kukuombea: mkeo Leokadia, wanao Gaudensia na Silvesta, dada yako Apolonia, na jirani yako Bi Mwanakheri, ambaye blanketi lile hataki kulifua tena.

Hatutakusahau, Silvano, siku zote za maisha yetu.