Masanduku Mawili na Mahali pa Miguu

Jumamosi, 3 Mei

Yamefika! Masanduku mawili ya pembeni mwa pikipiki, ya aluminiamu, kufuli kila moja, pembe zimekunjwa mpaka unataka kuzipapasa. Nimeyapanga sebuleni juu ya zulia. Mama Pacha kapita na ufagio, kayazunguka, kauliza kama na hawa wageni watakula mchana. Nimecheka peke yangu.

Tunaondoka Jumatatu ya tarehe 19. Hii safari tumeisema tangu pacha wetu wako darasa la kwanza — mimi na yeye, pikipiki kubwa, twende mpaka tuchoke. Sasa pacha wana watoto wao, na mimi nimestaafu tangu Januari. Visingizio vimekwisha.

Jumapili, 4 Mei

Leo kupima. Miaka thelathini na moja nimepima mashamba ya watu, leo napima changu — raha iliyoje! Nimekata karatasi ngumu ya boksi kwa ukubwa wa sanduku, nikaibandika ubavuni mwa pikipiki kwa selotepu, nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja.

Tatizo ni bomba la moshi, upande wa kulia. Mkia wake umeinuka. Sanduku likikaa hapo, nguo zitaiva humo ndani. Njia ni mbili. Ama nisogeze masanduku mbele, yakaribie mapaja yangu, au niyarudishe nyuma na kukata pembe ya chini ya lile la kulia. Kukata sanduku jipya? Hata sijalichubua! Roho imekataa kabisa.

Tena uzito ukikaa mbele pikipiki inatulia zaidi. Hilo si langu, ni la kitaalamu.

Jumanne, 6 Mei

Kwa fundi wa kuchomelea. Mtaa mzima unamwita Redio, maana hazimiki. Kazunguka pikipiki mara mbili huku ananisimulia habari za shemeji yake, kisha akauliza, mzee, unasafiri na nani?

Nikasema, peke yangu.

Limetoka hivyo hivyo, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Basi Redio akasema kama ni hivyo kazi ni nyepesi: anafungua vikanyagio vya nyuma, vile vya abiria, na mashimo yake ya bolti yanashika fremu ya masanduku. Hatutoboi kitu. Nikamwambia safi sana.

Sikumsahihisha. Na nafasi nilikuwa nayo — tumeshinda pale asubuhi nzima, mimi nashika fremu, yeye anachomelea na kuongea. Nimerudi nyumbani na vikanyagio viwili mfukoni mwa koti, vinagongana kila nikipiga hatua.

Jumatano, 7 Mei

Nimeizungusha mpaka barabara kuu na kurudi. Imara! Hakuna kinacholia, hakuna kinachotikisika.

Mama Pacha katoka, kafuta mikono kwenye kanga, kasema ngoja nionje kiti changu. Nimemshika mkono akapanda. Akakaa. Miguu ikaanza kutafuta. Kushoto sanduku, kulia sanduku. Akainama kuangalia chini, upande huu, upande ule.

"Baba Pacha, miguu yangu naiweka wapi? Ndani?"

Nikasema fundi hajamaliza, hiyo ni ya muda tu. Uongo mtupu! Na umetoka laini, kama ule wa jana.

Kashuka mwenyewe. Hakuomba mkono.

Alhamisi, 8 Mei

Chai mezani, salamu hakuna. Nimeshinda uani nakaza nati zilizokwisha kukazwa.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Pacha kaenda kwa Redio. Kwa miguu, bila kuniambia. Karudi saa kumi, kavua viatu, kakaa mbele yangu. Kumbe kaenda kuuliza tu kazi itakwisha lini. Na Redio, nani wa kumfunga mdomo? Akashangaa: kwani mama na wewe umo? Mzee alisema yuko peke yake.

Nimemweleza habari za bomba la moshi. Nimechora na kuchora. Kanisikiliza bomba zima, kutoka injini mpaka mwisho wa mkia, hakunikatisha. Nilipomaliza kasema bila kupandisha sauti:

"Wewe maisha yako yote ulikuwa unaondoka. Mwezi, miezi miwili, na mahema yenu na vyombo vyenu. Mimi nikabaki na pacha, na mama yako mgonjwa, na paa linavuja. Sikukulaumu, ilikuwa kazi. Nikajiambia atastaafu, tutaondoka wote. Sasa umestaafu, pa kwanza kung'oa ni pangu."

Kisha kainuka kwenda kuanua nguo. Nilimfuata kumsaidia, kaninyang'anya shuka.

Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Nalikumbuka hema. Zile asubuhi, kabla vijana wa vigingi hawajaamka, hakuna anayenisemesha, mbele yangu pori tu na kikombe. Miezi minne hii nimekaa nyumbani naulizwa gesi imebaki kiasi gani, mlango wa choo nitautengeneza lini. Nilitaka ule ukimya tena. Ndiyo maana neno lilitoka. Halikuteleza, lilikuwa linangoja mtu wa kuliuliza.

Lakini tangu jioni kuna kitu kinanisumbua. Mimi ukimya wangu niliupata, tena kwa miaka. Yeye wa kwake aliupata wapi? Nimejaribu kukumbuka hata siku moja ambayo nyumba hii ilikuwa yake peke yake, nimeshindwa. Nimeona aibu. Si aibu ya kushikwa na uongo, ile nimeizoea wiki hii. Aibu nyingine.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mapema nimeirudisha pikipiki kwa Redio. Nikamwambia tuko wawili. Kacheka mpaka miwani ya kuchomelea imemwanguka, kisha kaniona nilivyo, kanyamaza. Redio kanyamaza! Sijui kama nitaliona tena hilo.

Masanduku yanarudi nyuma sentimita kumi na nne. La kulia linakatwa pembe. Kachora mstari kwa chaki, kaniangalia. Nikasema kata. Grinda ikalia, cheche zikaruka, pembe ikadondoka sakafuni. Nilidhani nitaumia zaidi.

Nikaiacha pikipiki nikarudi. Saa sita kanipigia. Anasema tukivirudisha vikanyagio palepale pa zamani, magoti ya mama yatapanda juu sana, kwa safari ndefu atateseka. Anataka kuvishusha, achomelee mara moja tu. Nimpe kipimo cha mguu wa mama, gotini hadi kisigino. Mzee, wewe si ndiye mpimaji, nitajie tu.

Mipaka ya mashamba ya watu niliowapimia kabla pacha hawajazaliwa naikumbuka mpaka leo, jiwe kwa jiwe. Mguu wa mke wangu sijui. Hata namba ya kiatu chake sijui! Nikamwambia Redio nitakupigia.

Mama Pacha yuko kizingitini, anachambua mchele. Nimemwendea na tepu. Nikamwambia fundi kakata sanduku, vikanyagio vinarudi, anataka kipimo cha mguu wako. Kaitazama tepu, kanitazama mimi. Kaweka ungo pembeni.

"Pima. Ila kwanza niambie, unapima kwa sababu fundi kauliza, au kwa sababu unataka niende?"

Nikasema ngoja nichukue kalamu.

Ndio nimeingia chumbani, nimekaa kitandani. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Tepu iko pajani. Namsikia pale nje hajaugusa tena ule ungo. Kaita, Baba Pacha, kalamu hujaipata tu? Nimeitika naja. Kutoka hapa mpaka kizingitini ni hatua tisa, na nikifika pale lazima niwe na jibu.